Sifongo Nyeupe ya Nyakasanza

Asubuhi ile niliondoka Epulu kwa sababu lori la mbao lilikuwa linaondoka. Dereva aliniuliza kama napanda, nikapanda. Ilikuwa miaka ambayo watu walisema vita vimekwisha, halafu wakashusha sauti. Barabara ilikuwa wazi, na mtu kama mimi, niliyeacha shule mapema na nisiyejua kukaa mahali, sikungoja kuuliza itafungwa lini.

Bunia sikuijua. Alasiri nilikuwa mtaa wa Nyakasanza nikitafuta pa kulala, nikaingia nyumba ya wageni yenye ukuta wa buluu. Mapokezini palikuwa na tangi la kioo refu kama kitanda. Ndani, kwenye maji yenye ukungu, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe walielea juu kabisa, midomo ikitafuta hewa.

“Vyumba viko,” mama mwenye nyumba aliniambia, macho kwenye simu. “Lakini ungoje kidogo. Samaki banakufa.”

Nikaweka mfuko chini, nikauliza samaki gani. Wa bahari, akasema. Miaka ya kukimbia vita alikuwa ameishi pwani, na kati ya vyote alivyoviona kule, hawa tu ndio aliotamani kurudi nao. Wenzao walikuwa wamekufa mmoja mmoja. Hawa wawili wakifa, tangi litalelea vifaranga.

Kwenye simu, sauti ikisikika mapokezini pote, alikuwa muuzaji wa Kampala, mtu wa pwani kwa lafudhi yake. Basi lilikuwa karibu kuondoka, naye alitaka kujua apakie chujio lipi. Mama alinionyesha picha mbili. Moja ilikuwa pipa dogo lililofungwa, lisilo na sauti. Nyingine ilikuwa sanduku la kioo la kuwekwa chini ya tangi, lenye vyumba vya kupitisha maji polepole, na kando yake bomba la kupiga maji mpaka uchafu upande juu kama povu la sabuni.

“Mimi napenda pipa,” alisema mama. “Wageni banataka kimya.”

“Na umeme ukikatika?” niliuliza.

“Kwani hukatika?” akauliza muuzaji.

Mama alicheka, akaonyesha jenereta uani. “Anauliza kama inakatikaka. Baba, groupe yenyewe tunazimaka muchana.”

“Basi pipa silipakii. Maji yakisimama humo yanakosa hewa, na kile kinachosafisha kinakufa. Ukiwasha tena, unawamwagia samaki sumu.”

“Kinachosafisha ni nini?”

“Nani huyu anayeuliza?”

“Mugeni tu. Umujibu.”

“Vijidudu. Havionekani. Vinakaa kwenye sifongo, vinakula sumu ya mavi ya samaki. Ndiyo maana sifongo haifuliwi ikatakata. Mnaisuuza kidogo, kwa maji ya tangini.”

Mama akageuka. Kwenye benchi alikaa kaka yake mkubwa, yaya kama wasemavyo huku, mzee aliyeosha dhahabu Mongbwalu maisha yake yote. Mapajani alikuwa na sifongo ya chujio la zamani, nyeupe kama imetoka dukani.

“Yaya, unafuaka hii?”

“Kila magaribi. Na sabuni. Kama tapis.”

Nilimwelewa, kwa sababu niliwahi kuosha dhahabu msimu mmoja. Maji na mchanga vinapita kwenye mlizamu wa mbao uliotandikwa zulia, ndiyo tapis, dhahabu inanasa humo, na jioni zulia linafuliwa ndani ya ndoo mpaka linang'aa, na dhahabu inabaki ndooni. Mwenye zulia chafu ni mtu mvivu.

“Na maji ya ndoo, muzee?” niliuliza.

“Namwanga inje.”

Alitazama sifongo, akatazama mlango.

“Yaya,” mama akasema taratibu, “umemwanga dhahabu yote.”

Mzee ndiye aliyeanza kucheka. “Hata siku moja Mongbwalu hawakuniona namwanga ndoo. Nimekuja kumwanga kwa dada yangu.”

“Jamani, basi linaondoka,” ikasema simu.

Mama alitaka kujua kama sanduku lina sauti. Lina, alijibu muuzaji, kama mvua ndogo. Pampu yake inatosheka na betri ya sola, ile iliyokuwa ikiwasha taa za ukumbini. Lakini ikisimama, mtu awe karibu kuangalia maji yasifurike.

Mama alitazama mlango wa chumba kilicho nyuma ya tangi, halafu mfuko wangu.

“Leta sanduku,” akasema.

Muuzaji aliagiza nusu ya maji itolewe leo hii. Mimi na mzee tulikoroga chumvi ya bahari kwenye maji ya mvua, kwa mwiko wa ugali, tukimimina kidogo kidogo. Sifongo mzee alinipa mimi niirudishe. Yeye, alisema, mikono yake ina tabia ya kufua.

“Chumba kile mugeni hatakitaka tena, na kelele,” mama aliniambia. “Ulale pale. Sanduku ikifika, ukisikia imenyamaza, uamuke.”

“Mama, mimi sikaagi mahali.”

“Nimekuuliza hiyo?”

Jua lilikuwa bado ukutani samaki mmoja alipoacha kutafuta hewa, akaogelea polepole kushuka mpaka mchangani, mapezi yakicheza. Wa pili alikawia, kisha akamfuata. Nilichukua ufunguo, nikaenda kufungua mfuko.