Kitanda cha Vanishi Mbichi

Fundi amefungua kopo la vanishi barazani kwangu, na ile harufu imenirudisha Keko, kwenye karakana ya samani ya baba, nikiwa nimekaa juu ya maranda.

Shangazi, mwalimu wa Kiingereza, alinifundisha lugha hiyo huku akigonga samani moja baada ya nyingine. "Kitu kina kazi yake," alisema. "Kiti ni for sitting. Kitanda ni for sleeping. Lakini mtu ana nia. Yeye amekuja to sit, amekuja to sleep. Usimchanganye mtu na kitanda!"

Nilikuwa nachanganya tu, maana kwetu, iwe for sleeping au to sleep, kulala ni kulala.

Mara mama akatokea na begi lake. Tangu wagombane na baba alikuwa akikaa kwa bibi, na mie nilishaacha kuuliza atarudi lini. Baba aliendelea kupiga msasa.

"Umekuja kuchukua vitu vyako?" alimuuliza.

Mama alikitazama kitanda kilichotoka kupakwa vanishi muda ule, ambacho hata wateja walikatazwa kukigusa, akaketi kwenye ubao wake wa pembeni na kanga yake mpya.

Nilisubiri baba afoke. Akaweka msasa chini.

"Utanasa hapo," alisema taratibu.

"Najua."

Kitanda kile hakikuuzwa; ndicho hiki kilicho barazani kwangu. Sasa fundi ananiuliza kama akipige msasa kwanza, zile nyuzi za kanga zilizogandia zitoke. Nimemwambia apake juu yake hivyohivyo.