Kikombe Kinacholia Vizuri

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Mpanda, nilijua nitapandishwa nguzoni. Badala yake msimamizi wa laini akanikabidhi sanduku la vikombe. Msicheke, wajukuu. Vikombe ndivyo tulivyoviita vile vidude vya kahawia vinavyoshika waya juu ya nguzo ili umeme usishuke chini.

"Gonga kila kimoja kwa mpini wa bisibisi," akasema. "Kikilia kama kengele, weka. Kikilia kama debe bovu, tupa."

Asubuhi nzima nikawa mpiga kengele. Mchana nikamuuliza kwa nini tusifinyange vya kwetu, maana sokoni vyungu vimejaa tele. Akanionyesha mtungi wa maji wa ofisini.

"Upapase chini hapo. Umelowa?"

Ulikuwa umelowa. Mtungi wa udongo uliochomwa kwa kuni na nyasi una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya na kutoa jasho, ndiyo maana hupoa. Panapopenya maji, umeme nao hupata njia. Kikombe chetu, chini ya ile rangi ya kahawia, ni kaure: udongo mweupe, laini, uliochanganywa na mawe ya kusaga, ukachomwa kwenye tanuri kali mpaka ukashikana karibu kuwa kioo. Hakinywi hata tone.

Nikapelekwa Ugalla, kisha Mwese, ambako vikombe tulivibeba kwa pikipiki tumevifungia kwenye nyasi kama mayai. Mwishowe Kasansa, safari hii nikiwa msimamizi mwenyewe. Dada yangu alikuwa mkunga wa zahanati pale. Gizani alizalisha akiwa ameng'ata tochi.

"Nyie kazi yenu kuchimba mashimo tu, mdogo wangu," alinitania. Macho yake hayakuwa na utani, na iliniuma.

Siku ya kuwasha, kijiji kizima kilifika. Ilibaki nguzo ya mbele ya zahanati. Nikagonga kikombe cha mwisho, kikalia debe. Ufa haukuonekana, lakini mvua ingeuona. Cha akiba hatukuwa nacho, nikasema tungoje kiletwe kutoka Mpanda.

"Kuku wetu mmekula, umeme hamna!" mzee mmoja akafoka. Dada yangu aliniangalia, akarudi ndani ya zahanati. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Zena, mfinyanzi wa pale, akaomba kile kikombe. Akakigonga kwa kidole, akatega sikio.

"Kina ufa hiki. Hata chungu changu kikilia hivi sikipeleki sokoni. Tumsubiri huyu, jamani."

Akagonga kizima kimoja kati ya vile vya nguzo ileile vilivyongoja kupandishwa, akacheka kwa furaha. "Lo! Aliyekichoma hiki ana moto, si mchezo!"

Watu wakatulia. Kesho yake kikombe kikaja, kikalia, taa zikawaka.

Sasa nimestaafu. Chai nanywea kikombe cha kaure, na maji nayachota kwenye mtungi wa Mama Zena. Friji ya wanangu haijayafikia. Vijana wa laini wakinipitia huniuliza kama kazi yote ile ya kugonga ilikuwa na maana. Huwaambia alichoniambia dada kwa simu wiki ileile taa zilipowaka.

"Mdogo wangu, leo nimemzalisha mama mmoja, na mdomo ulikuwa mtupu. Nimeongea na yule mama mwanzo hadi mwisho."