Ukucha Ulionipeleka Kaburini Nikarudi

Chekeni mkitaka, mimi nimekwisha kuzoea. Hapa Kondoa kuna watu wazima na akili zao ambao hadi leo wakiniona sokoni huniuliza, "Issa, habari za ahera?" nami huitikia "Njema" nikapita zangu, maana nitasema nini? Ni kweli nilikwenda. Au tuseme nilidhani nimekwenda, na huko nikasema maneno ambayo mtu hatakiwi kuyasema mbele ya baba mkwe, halafu nikasimama mbele ya mama mkwe kama nilivyozaliwa, na yote hayo chanzo chake ni ukucha. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Si simba, si vita, ukucha!

Wakati huo Mdachi, yaani Mjerumani, ndiye mwenye nchi, na mimi nilikuwa kijana wa Kolo niliyeshuka Kondoa kumsaidia mjomba wangu kuuza asali na nta. Nilikuwa namtaka Hadija, binti wa Mwalimu Omari aliyekuwa akisomesha watoto Kurani karibu na msikiti. Mwalimu alikuwa mtu wa maneno machache na jicho kali, na shaka yake juu yangu ilikuwa moja tu, kwamba alikuwa akiniona mara nyingi mno na askari wa boma, hasa rafiki yangu Farajala, na yeye aliamini kijana akizoea boma husahau msikiti. Sasa mimi, badala ya kwenda kuposa kwa unyenyekevu na kanzu yangu safi, nikaona (na hapa ndipo akili iliponitoka) niazime buti za Farajala ili nionekane mtu. Zilikuwa buti za serikali, nyeusi, zina misumari chini, zinalia ko, ko, ko hata kipofu ajue kuna mtu anapita. Na zilikuwa ndogo. Farajala mwenyewe aliniambia, "Issa, mguu wako na wangu si ndugu," nami nikamjibu ngozi italegea. Ngozi haikulegea. Nililegea mimi.

Nikaenda nazo kuposa, nikaenda nazo sokoni, nikaenda nazo hadi mlango wa msikiti nikazivua hapo watu wote wakiona, na nilipokuja kuziweka kando kidole kilikuwa kimeiva. Nikachukua kisu nikaukata ukucha pembeni, nikauchonga mviringo vizuri, nikajiona fundi. Kumbe ndivyo nilivyoufungulia njia. Ulipoota tena uliingia ndani ya nyama na kidole kikavimba kikatoa usaha. Nilipaka mafuta ya kondoo ya moto, nilipaka majivu, nilipaka na asali ya mjomba, wapi! Hata shuka likikigusa usiku nilikuwa naona nyota.

Lakini kilichonimaliza ni sala. Mnajua tunavyokaa katika tahiyatu, kile kikao cha mwisho wa sala, mguu wa kulia umesimama na vidole vimekunjwa chini, uzito wote hapo. Siku ya Ijumaa nilikaa namna hiyo safu moja na Mwalimu Omari, imamu naye siku hiyo alikuwa hana haraka, na kabla hajatoa salamu nikapiga ukelele "Yallaah!" nikaruka juu nikatoka nje kwa mguu mmoja. Msikiti mzima ulisikia. Mwalimu alinifuata uani, na hakuwa anacheka.

"Mguu huu ulikuwa mzima ndani ya buti," akasema. "Ndani ya msikiti ndiyo unaumwa?"

"Mwalimu, naapa, kidole kimeoza."

"Basi kitibu. Jibu la posa yako nitakupa siku nitakapokuona umekaa tahiyatu mpaka mwisho kama Mwislamu."

Hapo maji yakawa ya shingo. Farajala, kwa kuwa buti ni zake na roho ilimsuta, akanipeleka kwa daktari wa Kidachi bomani. Daktari alikuwa mtu mrefu, mwekundu, mkimya, na alikitazama kidole changu kwa upole ambao sikuutegemea, kama mtu anayetazama ndama mgonjwa. Mkalimani wake, kijana wa pwani mwenye maringo, akaniambia, "Bwana daktari anasema atakata upande wa ukucha pamoja na nyama iliyooza. Hutasikia kitu. Atakulaza." Nikauliza atanilaza vipi wakati mimi kwa maumivu haya sijalala tangu mwezi uandame? Akasema, "Utalala tu. Hata ukikatwa mguu wenyewe hutajua."

Habari hiyo nikampelekea Mwalimu, maana baba yangu alikuwa ameshafariki na nilitaka mtu mzima ajue. Alifunga kitabu chake. Kisha akasema, "Mtu anakatwa nyama na hajui? Roho yake inakuwa wapi?" Akasema atakuja mwenyewe, akae chumbani, na kama nitakufa basi nife nikiwa na mtu wa kunisomea. Na mkewe, mama Hadija, naye akaona afuatane nasi ili atiwe dawa ya macho. (Mlikumbuke hilo la macho.)

Wakanilaza juu ya meza. Kanzu yangu walinivua isije ikaingia damu, wakanifunika shuka jipya la bafta, wakanifunga mikono na miguu kwa mikanda nisije nikaanguka, wakaniwekea pamba juu ya macho ili dawa isiyachome. Kisha kitambaa puani, na harufu tamu, tamu ya kuchefua, mfano wa marashi yaliyochacha. Mkalimani akasema, "Vuta." Nikavuta. Nilisikia masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki, nikataka kusema jambo fulani kuhusu nyuki, na hapo ndipo mwisho.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo ninaposhindwa kusimulia, na nimejaribu miaka yote. Usingizi wa kawaida ukiamka unajua umelala, kuna ndoto, kuna kujigeuza, kuna mbu. Hapa hapakuwa na kitu. Hapakuwa na giza hata, maana giza nalo ni kitu. Mtu mmoja alivuta pumzi upande ule, mtu mmoja akaitoa upande huu, na katikati pale Issa hakuwepo. Watu walimkata nyama, wakaongea juu yake, jua likasogea, naye hayupo. Nilistaajabu siku ile na nastaajabu hadi leo, na nikilifikiria sana jambo hili nywele hunisimama.

Basi akili ilianza kurudi, lakini haikurudi yote kwa pamoja. Nikasikia niko gizani. Nikataka kuinua mkono, umefungwa. Miguu, imefungwa. Nikapapasa kwa vidole, nikagusa bafta mpya. Bafta, nguo ya sanda! Juu ya macho nina pamba. Puani harufu ya manukato. Na pembeni yangu, taratibu, kwa sauti ya chini kabisa, mtu anasoma Yasini.

Niambieni nyinyi, mngedhani nini? Mwislamu gani aliyezaliwa na mama, akiwa amefungwa ndani ya bafta, ana pamba usoni, ananukia, anasomewa Yasini, angedhani yuko juu ya meza ya daktari? Nikajua nimekufa. Nikajua kabisa, na jambo la ajabu sikuogopa, nilisema moyoni "Alaa, kumbe ndiyo hivi," na nikasubiri wale malaika wa kaburini, Munkari na Nakiri, waje waniulize maswali.

Nao wakaja, wawili, mmoja kulia mmoja kushoto. Wa kulia alisema kwa lugha nzito nisiyoijua, nikaona hiyo ndiyo lugha ya huko. Wa kushoto akanifasiria.

"Jina lako nani?"

"Issa bin Ramadhani."

"Unajua uko wapi?"

"Najua, bwana wangu. Kaburini."

Wa kulia akanguruma tena, na mimi kwa hofu ya kuchelewa sikungoja swali, nikayatoa yote niliyofundishwa chuoni tangu utoto, Mola wangu ni Mwenyezi Mungu, Mtume wangu ni Muhammad, kitabu changu ni Kurani, kibla changu ni Alkaaba, kwa sauti kubwa, bila kukosea hata herufi moja. Kama ningeishia hapo! Lakini nilidhani daftari langu lote liko mbele yao, nikaona heri niyaseme mwenyewe kabla hawajaniuliza.

"Nilikula asali Ramadhani," nikasema, "mchana, nyuma ya lile jiwe lenye michoro kule Kolo. Kidogo tu. Si kidogo sana. Na buti si zangu, ni za Farajala, arudishiwe. Na Hadija binti Mwalimu Omari, nilikuwa nikimtazama kisimani akiteka maji, kila jioni nilijificha kwenye mtama, lakini sikusema naye hata neno, nilimtazama tu, na kama mtanirudisha nitamtazama tena, hilo siwezi kudanganya."

Yasini ikakatika.

Kisha nikasikia malaika wa kulia anacheka. Hilo lilinitatanisha. Nikahisi mikanda inalegezwa, nikasema kumbe nimesamehewa, naachiwa niende peponi! Nikaitoa pamba, mwanga ukanipiga usoni, nikaona mlango uko wazi na nje kuna nuru, nikashuka mezani kabla mtu hajanishika. Na mguu hauumi, jamani! Unakanyaga chini na hauumi, kidole kimefungwa kitambaa cheupe kikubwa na ndani yake pamekuwa kimya. Ni nini hiyo kama si pepo? Nikatoka nje nimejifunga bafta mpaka kichwani, na wagonjwa waliokuwa wamekaa barazani walipoona maiti na sanda yake anawatolea salamu walitawanyika kila upande, mmoja akaruka ukuta na jipu lake. Mimi nikainua mikono miwili kumshukuru Mungu. Na mikono ndiyo iliyokuwa imeshika bafta.

Mtu mmoja tu hakukimbia, kwa sababu alikuwa ametoka kutiwa dawa na alikuwa anafumbua macho kuona kama imefanya kazi. Ilikuwa imefanya kazi vizuri sana.

"Yarabi," akasema mama Hadija, "nakuomba uyarudishe maradhi."

Ndipo akili iliyobaki ikarudi yote kwa mpigo.

Niliuguza mguu kwa mjomba, nikitembelea kisigino, nikilowesha kidole katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, nikibadilisha kitambaa chenye unga wa njano unaonuka nyumba nzima, lakini mimi nilichokuwa nauguza ni aibu. Niliona nimemkosa Hadija, na nililia kwa hilo, sifichi. Mwalimu alikuja siku nilipoanza kukanyaga. Nikampa shikamoo nikiwa nimeinamisha kichwa. Aliniambia nisali rakaa mbili mbele yake. Nikasali, nikafika tahiyatu, nikakunja vidole, nikakaa mpaka salamu. Kidole kilitulia kabisa.

"Wachumba wote walioingia nyumbani kwangu," akasema Mwalimu, "waliniambia wanasali na wanafunga. Niliwasikia wakiwa hai. Wewe tu ndiye niliyekusikia ukiwa maiti." Akafuta macho, na sikujua kama ni machozi au ni kicheko. "Siku ya asali utailipa. Na kisimani usinikaribie mpaka ndoa ipite."

Nilioa peku. Buti sijavaa tena wala sitavaa, na ukucha naukata mnyoofu kama alivyonifundisha daktari, sichongi pembe. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliniandalia chakula miaka yote akiwa amegeukia ukuta.

Sasa mimi ni mzee, na hofu yangu imebaki moja, msinicheke kwa hii. Siku yenyewe itakapofika, nikalazwa ndani ya bafta ya kweli, nikasikia kutoka kushoto sauti inauliza jina langu nani, naogopa nitadhani ni yule kijana wa pwani, nami nitamjibu, "Kwanza niambie, kidole kimeponaje?"