Kuku Wawili kwa Silinda ya Mjomba

Matengenezo yote yaligharimu kuku wawili, na mmoja alikuwa anataga. Juzi pale mtaani Kalangalala nilimwona fundi akisugua silinda kwa msasa, harufu ya petroli ikanirudisha ufukweni kwetu, nilipokuwa mdogo.

Baba alikuwa ameazima injini ya boti ya mjomba, ikamgomea ziwani. Mjomba angeifuata jioni ileile, na akiikuta mbovu asingetuazima tena. Fundi Masalu akaifungua, kwa ujira wa wale kuku. Silinda ilikuwa na michubuko ndani.

"Baba Kulwa, petroli ulichanganya na oili?"

"Nichanganye? Muuzaji alitaka kunipa iliyochanganywa, nikamwambia asinichakachulie. Nilinunua safi!"

Masalu alicheka hadi msasa ukamdondoka. "Sasa hiyo safi, bila oili ya kulainisha silinda, ndiyo imekuulia injini."

Alisugua taratibu mchana kutwa. Nami nikaipulizia ile michubuko, kama mama alivyopulizia goti langu, nikijua ndiyo dawa.

Jioni mjomba akavuta kamba, ikawaka.

"Mbona inanguruma vizuri kuliko nilipowapa?"

"Tumeitunza, shemeji," baba akajibu, macho ziwani.

Sasa nimenunua injini kama ile. Muuzaji ananiapia petroli yake tayari ina oili. Wenzangu, nimwamini, au nikachanganye mwenyewe?