Sirop ya Sungura

Mudogo wangu Ilunga aliamka, akapapasa ukuta, akaniuliza mimi mkubwa wake: "Yaya, mbona munafunga dirisha?" Dirisha lilikuwa wazi, jua la mchana likimpiga usoni.

Juzi sokoni niliona chupa yenye sungura wa kuchorwa, nikayakumbuka yote.

Kule Kapata, mtaa wetu wa utoto, tuliangalia katuni ya kutangaza sabuni kwa jirani mwenye televisheni. Sungura alifua kwa sabuni ileile yenye mama alinunua kantini, duka la mtaa, kisha akanywa sirop ya kijani, dawa tamu ya maji, akainua lori. Sabuni ilikuwa ya kweli, kwa hiyo nikaamini na sirop ni ya kweli. Watu wote walicheka. Tata Kabeya, mchuuzi wa dawa, hakucheka. Alikuwa anatuangalia sisi batoto.

Siku chache baadaye alileta chupa za kijani, zimebandikwa sungura. "Inatoka ku Bulaya, mama. Itamupa mutoto nguvu." Ilunga alikuwa dhaifu, nililia mpaka mama akanunua. Ilinuka ndizi na petroli. Nilimnywesha mimi mwenyewe. Kesho yake ndipo aliniuliza juu ya dirisha.

Leo najua sirop ya katuni ilichorwa kwa kuchekesha tu. Lakini Ilunga haoni mpaka leo, angali anapapasa ukuta, na chupa ya juzi inauzwa na mtoto wa Kabeya.

Tata Kabeya, ungali hai. Kuja umujibu Ilunga: ulitia nini mu ile chupa?