Msala wa Johannesburg

Ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe. Niliyoambiwa, nitamtaja aliyeniambia.

Niliondoka Ujiji kwa sababu ya neno moja. Mpwa wangu Hamisi, fundi vigae, alimweleza mkwe wake mtarajiwa, Mzee Rajabu, kwa simu kwamba anatengeneza “msala wa kihistoria” Johannesburg. Mzee alielewa mkeka wa kuswalia, akajisifu msikitini. Kisha msafiri mmoja akarejea na kusema Hamisi anaosha vyoo. Mzee aliniita mimi, mshenga, akanionyesha barua ya posa.

“Mwalimu, nimedanganywa. Ichukue.”

Nilimwomba asubiri nikaone.

Kutoka Tunduma nilibadilisha mabasi hadi Johannesburg. Ulikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa huko. Abiria mmoja aliniapia kwamba mabomba ya huko ni ya dhahabu.

Jioni, katika mtaa wa Troyeville, nilimweleza Hamisi kisa hicho mbele ya Mkongo anayepanga naye chumba. Mkongo akaangua kicheko.

“Eish, Papa! Kumbe mukwe anangojea mukeka!”

Hamisi hakucheka. “Mjomba, ningesemaje? Nimtajie mkwe choo?”

Asubuhi alinipeleka katikati ya jiji. Tuliteremka ngazi chini ya barabara, tukaingia ukumbi wa choo cha umma cha zamani: nguzo za chuma zenye maua ya kusubu, vigae vya kijani, mabomba ya shaba, si dhahabu. Hamisi alisema vyombo vililetwa kwa meli kutoka Uingereza; mimi nilisoma jina la mji wa Kiingereza ndani ya sinki. Karibu na mlango palikuwa na matundu manne ya skrubu. Msimamizi, mama wa Kizulu, alisema hapo kilikuwa kibao cha “Wazungu tu”.

“Mbona hamyazibi?” niliuliza.

“Mama huyu amekataa,” alijibu Hamisi, akiendelea kupachika kigae kando ya tundu.

Nilimtazama akifanya kazi hadi adhuhuri. Kisha nikaingia chumba kilichokwisha kukamilika, nikafunga mlango.

Niliporudi Ujiji, Mzee Rajabu aliiweka barua mezani.

“Ni choo au si choo?”

“Ni choo.”

“Anaosha?”

“Anakijenga upya, kigae kwa kigae. Alisema msala kwa kukustahi.”

“Una hakika gani kuwa kazi ni nzuri?”

“Nilikitumia. Nilivuta mnyororo, maji yakashuka.”

Mzee aliinamisha uso, mabega yakamtikisika. Kama alicheka, sikusikia. Nilichoona ni kwamba aliichukua barua na kuirudisha mfukoni mwake.