Sifuri Nilizozijaza Mimi

Mimi ni mtu wa hesabu, na nilikuwa najivuna nazo. Ofisini Manyoni nilitengeneza modeli ya kutabiri maji ya mto wa kwetu, mto wa mchanga unaokauka kisha siku moja unafurika bila hodi. Unaipa mvua iliyonyesha upande wa juu wa mto na vipimo vya miaka ya nyuma, nayo inakuambia mto utakuja na kina gani. Asubuhi ile ilisema mchanga utabaki mkavu. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Leo teremkeni tu, mto hauji."

"Marahaba mwanangu. Basi nawaambia wenzangu."

Yeye na majirani zake huchimba visima katikati ya mto, vya kumfika mtu kifuani, hata msimu wa mvua, maana maji ya mchangani ndiyo safi.

Saa nne akaingia mzee anayetusomea kipimo cha mto, ile nguzo yenye namba iliyosimikwa mtoni, kaleta daftari. Nikamuuliza, kwa ukali wangu wa kila siku, mbona kila masika anaacha siku tupu. Nilishachoka kumjazia.

"Unajaza nini?"

"Sifuri. Si hukuona maji?"

"Siku hizo mto umejaa. Kipimo kimezama chote, nitasoma nini? Ndiyo maana naacha."

Mafuriko yote ya miaka yote, mimi mwenyewe nilikuwa nimeifundisha kompyuta kwamba ni ukavu. Na upande wa juu wa mto mbingu ilikuwa nyeusi tangu alfajiri. Niliiona nikaipuuza, kwa sababu modeli ilishasema.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena, vidole vinakosea namba ninayoijua kuliko yangu. Mzee akaketi bila kukaribishwa, akavua kofia. Niliogopa, sina neno jingine. Nilimwona mama amepiga magoti ndani ya kisima, mto unamjia mgongoni.

Saa saba simu ikaita, namba ya jirani.

"Tumetoka," alisema mama, anahema. "Madumu yamekwenda yote, na kata yangu ya kuchotea. Ngurumo tuliisikia mapema, ila nikawaambia wenzangu tulieni, mwanangu kasema hauji."

Nikamwashiria mzee kwamba wametoka salama.

"Sasa," akaniuliza, "kesho tuteremke saa ngapi?"